Yaliyomo Ndani ya Mabano

Waliokosa sehemu iliyopita hawajakosa kitu ila aibu yangu, na aibu yangu haijaisha, kwa hiyo karibuni.

Kwa kifupi: mimi ni karani wa masijala. Natunza mafaili, na kwa miaka ishirini na miwili sijawahi kutoa faili lisilo lenyewe. Mlikumbuke hilo, maana mtanicheka nalo baadaye.

Baba yangu alikuwa fundi saa. Alipofariki nikaandika kitabu kuhusu maisha yake na jinsi nilivyomhudumia mwishoni. Nikakiita Mwana Aliyebaki. Nikachapisha nakala mia moja, na themanini na nne kati yake bado ziko chini ya kitanda changu.

Nakala moja nilimpelekea Mama, lakini macho ya Mama yameshakwisha. Anaona mwanga na kivuli, basi. Anaishi na dada yangu mkubwa, mshonaji wa nguo, nikamwomba dada amsomee. Dada akasema macho yake nayo siku hizi hayaoni herufi ndogo. Mwaka mzima Mama akiomba kusomewa, jibu ni hilo hilo. Mimi nikajisemea moyoni, huyu dada yangu mvivu wa kusoma, anamnyima mama yetu mume wake.

Ndipo nikamtafuta Msomaji.

Msomaji ni mama wa makamo anayejitegemea. Unampa kitabu, anakisoma kwa sauti, anakirekodi, unasikiliza. Studio yake ni kabati la nguo. Si utani. Ametoa nguo, ameweka kigoda, amening'iniza mablanketi kila upande, na jirani yake ni mchomeleaji vyuma, kwa hiyo hurekodi pale tu mchomeleaji anapokwenda kula. Zamani alikuwa mtangazaji wa kituo cha treni. Kwa miaka kumi na minne aliwaambia watu treni yao inatoka saa ngapi, mpaka siku walipoleta mashine.

Mliniacha nikiwa mlangoni kwake nimefura. Alikuwa amenipa sura ya kwanza niijaribu, nami nikagundua ameruka mzaha mmoja wa baba nilioutia ndani ya mabano.

"Umeniibia mzaha wangu!" nilimwambia.

"Watu wa vitabu wengi hutaka mabano yarukwe," akajibu bila kuinua macho.

"Mimi si watu wengi. Mimi ni mwandishi. Kila neno langu lina kazi yake."

"Kituoni niliruka mabano siku moja tu," akasema. "Yalisema treni haisimami Jumapili. Watu mia mbili walikaa na mizigo yao mpaka Jumatatu. Tangu siku hiyo mtu akitaka nisome au niruke, aniandikie."

"Nitakuandikia!"

Nikamwandikia. Niliandika kwa karatasi ya ofisi, kwa herufi kubwa: ASOME KILA NENO, PAMOJA NA YALIYOMO NDANI YA MABANO. Nikamwomba mwenzangu wa kazi, ambaye tunamwita Mama Muhuri kwa sababu muhuri wa ofisi hulala kwake, anigongee. Akanigongea bila kuuliza. Baadaye aliniambia alidhani ni mambo ya ardhi.

Kisha nikamtumia Msomaji kitabu kizima. Na hapa naomba mnivumilie nieleze ugonjwa wa watu wa masijala.

Kila faili kwetu lina dokezo. Dokezo ni maneno ya ndani, yale afisa anayomwandikia afisa mwenzake kuhusu mwananchi, na ambayo mwananchi mwenyewe haoneshwi. Barua inamwambia mtu kwamba ombi lake linashughulikiwa. Dokezo linasema msumbufu huyu, mwambieni arudi mwezi ujao. Nimeandika madokezo miaka ishirini na miwili. Siwezi kuandika kitu bila dokezo lake pembeni. Hata kitabu cha baba yangu nilikiandika hivyo hivyo: barua kwa wasomaji, na dokezo kwangu mwenyewe, ndani ya mabano.

Kabla ya kupeleka kwa mchapaji niliyafuta yote. Nikabaki na mafaili matatu kwenye kompyuta: kitabu mwisho, kitabu mwisho kabisa, na kitabu mwisho kabisa safi.

Msomaji nilimtumia la katikati.

Sikujua. Nilikuwa na furaha ya mtu asiyejua. Msomaji alifanya kazi kwa majuma manne, akatia rekodi kwenye kadi mbili, na kila kadi akaichomeka kwenye kiredio kidogo cha mkononi. Kimoja kije kwangu ofisini, kingine kiende moja kwa moja kwa Mama. Mimi ndiye niliyesisitiza hivyo. Nilitaka Mama aanze siku moja na mimi, tupigiane simu, anisifu.

Viredio vilifika Alhamisi asubuhi. Cha kwangu nilikiweka mezani mpaka saa saba mchana, kila mtu akiwa na chakula chake, nikasimama mbele ya rafu za mafaili nikagonga kikombe kwa kijiko.

"Jamani, naomba dakika kumi za maisha yenu."

"Tumeshakupa miaka," akasema Mama Muhuri, lakini akasogeza kiti.

Mkuu wetu naye akatoka ofisini kwake, na mkononi ana ndizi. Mkuu alinunua nakala kumi za kitabu changu, na ndani ya kitabu nimemtaja. Niliona nimfurahishe. Sura tatu za mwanzo ni za ujana wa baba, hazina uongo wowote kwa sababu mimi sikuwepo. Nikaziruka. Nikaweka sura ya nne.

"Sura ya nne," ikasema ile sauti, tulivu, ya mtu anayejua treni yako iko wapi. "Siku Aliyoanguka. Asubuhi ile nilikuwa masijalani, Mkuu wangu, mtu mwenye busara na upeo mpana, aliponiita."

Mkuu akatabasamu, akaweka ndizi chini, akanyoosha tai.

"Fungua mabano," sauti ikaendelea, tamu vile vile. "Upeo gani? Hata faili lake mwenyewe huniuliza mimi liko wapi. Lakini atanunua nakala kumi. Mwongezee sifa. Funga mabano."

Mama Muhuri alikuwa na chai mdomoni. Haikubaki mdomoni.

Niliruka kuzima. Kiredio kile kina vitufe vitano vinavyofanana. Nilibonyeza kimoja. Sauti ikaongezeka.

"Niliteremka ngazi za ghorofa tatu nimembeba baba mgongoni, pumzi yake shingoni mwangu. Fungua mabano. Uongo. Aliyembeba ni dada. Mimi nilikuwa semina. Semina ilikwisha Jumanne, nikabaki mpaka Ijumaa kwa sababu hoteli ilikuwa na bwawa. Ijumaa hiyo asubuhi dada alipiga simu mara sita. Niliiona, nikaigeuza kifudifudi. Nilidhani ananitaka nikamnunulie nyuzi. Tafuta namna ya kuyaandika haya vizuri, la sivyo sura haina shujaa. Funga mabano. Baba akaninong'oneza sikioni: mwanangu, una nguvu."

Hapo nikakipata kitufe.

Waliokuwa wanacheka walikuwa wameacha. Nilitamani waendelee. Kuchekwa nimekuzoea, nina kipaji nacho.

Mkuu ndiye aliyeanza. "Semina hiyo ndiyo niliyokuteua mimi?"

"Ndiyo, Mkuu."

"Uliniletea ripoti ya siku tano."

"Ndiyo, Mkuu."

"Nikaisaini."

"Ndiyo, Mkuu."

Akafikiri. "Na kitabu chote kinasema siku hiyo ulikuwa hapa kazini, mimi ndiye niliyekuruhusu ukimbie nyumbani?"

"Kwani hukukisoma, Mkuu?"

Akaiokota ndizi yake, akarudi ofisini, akafunga mlango. Zile nakala kumi ziko mpaka leo juu ya kabati lake, zimefungwa vile vile kwa kamba yangu.

Mama Muhuri alijifuta chai kwenye blauzi. Nilitegemea maneno makali, akanisogelea kwa sauti ya chini.

"Si ulisema viko viwili?"

"Viwili nini?"

"Hivyo viredio. Cha pili kimekwenda kwa nani?"

Nikakaa juu ya rundo la mafaili, jambo ambalo mimi mwenyewe nimelipiga marufuku kwa maandishi.

Nikampigia dada. Simu iliita sana. Nilihesabu milio, kisha nikaacha kuhesabu, kwa sababu ilikuwa inanikumbusha kitu.

"Haloo," akasema dada.

"Mama yuko wapi?"

"Shikamoo hamna siku hizi?"

"Shikamoo dada. Mama yuko wapi?"

"Marahaba. Yuko ndani na kitabu chako. Amenitoa nje, hataki hata nifagie. Namsikia anacheka peke yake."

"Anacheka nini?"

"Ile habari ya baba na saa ya mwalimu mkuu."

Hiyo ni sura ya tatu, katikati. Bado robo saa hivi.

"Dada, mzimie."

"Nimzimie? Kwa nini?"

"Kina kasoro. Kinaweza hata kulipuka."

"Mdogo wangu," akasema dada polepole, "Mama hajacheka hivi tangu msiba. Mimi siendi kumzimia. Kama una sababu ya kumzimia, njoo umzimie mwenyewe."

Akakata.

Nikampigia Msomaji huku nikiteremka kwenda nje.

"Kwa nini umesoma madokezo yangu?"

"Barua yako ninayo hapa," akasema. "Kila neno, pamoja na yaliyomo ndani ya mabano. Tena ina muhuri."

"Lakini hukuona kwamba yale si ya kitabu? Mtu mzima kama wewe!"

"Niliona. Nikakupigia simu, Jumatatu mara mbili, Jumanne mara moja. Hukupokea."

Ni kweli alipiga. Niliziona zote. Nilidhani anataka kuniomba aongezewe siku. Simu nikaigeuza kifudifudi.

Wasomaji wangu, mkinikuta njiani mna ruhusa ya kunizomea.

"Nitengenezee nyingine," nikamwambia. "Bila mabano."

"Inawezekana. Nipe majuma mawili. Lakini nikuambie kitu cha kazi, usikasirike."

"Sema."

"Pale unapombeba mzee, nilirudia mara kumi na moja. Hapakai mdomoni. Nikiweka huzuni, inakataa. Nikiweka ushujaa, inakataa. Ya mabano nilisoma mara moja tu, nikatoka kabatini nikakaa kitandani."

"Maana yake nini?"

"Sijui. Mimi si mwandishi." Nyuma yake nikasikia chuma kikianza kulia. "Jirani amerudi kazini. Kwaheri."

Nilichukua pikipiki. Njia nzima nilikuwa nikitunga. Kadi ina kirusi. Kadi si yetu, zimebadilishana na za mtu mwingine, mwendawazimu fulani anayependa mabano. Msomaji ana chuki binafsi. Nilipofika nilikuwa na uongo wa aina nne, wote wenye nguvu, na kofia ya pikipiki bado kichwani. Dereva alinikimbilia hadi mlangoni kuidai.

Nyumba ya Mama iko ghorofa ya tatu. Ngazi ni hamsini na nne. Nilizihesabu siku ile kwa mara ya kwanza maishani mwangu, ingawa kwenye kitabu niliandika kwamba nazijua moja moja kwa uchungu. Nilifika juu nahema, kifua kinauma, jasho limelowesha shati. Na mgongoni sikuwa na mtu.

Mama alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, kiredio mapajani. Dada amembandikia kipande cha plasta juu ya kitufe cha kuzimia ili akipate kwa kidole. Chumba kilikuwa kimya. Sikujua ni kimya cha kabla au cha baada.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba mwanangu. Umekuja! Njoo, njoo hapa." Uso ulikuwa umemchangamka. Akaukamata mkono wangu. "Huyu mama ana sauti, jamani. Nimemwona baba yako. Nimemwona na ule mdomo wake anavyoukunja akishika saa ya mtu. Mwaka mzima nakitafuta kichwani hicho kimdomo, sikipati. Leo nimekiona."

"Umefika wapi, Mama?"

"Amesema sura ya nne, Siku Aliyoanguka. Nikazima."

"Umezima?"

"Namsubiri dada yako amalize kuanua nguo. Siku ile na yeye alikuwepo. Tusikilize wote."

Naungama kwenu: nilifurahi. Nilifurahi kama mwizi aliyekuta mlango umeachwa wazi. Nikatoa kadi kwenye kile kiredio kwa kucha, nikaisukumia mfukoni.

"Mama, kadi hii ina kasoro kidogo. Huko mbele inakwaruza, itakuumiza masikio. Nitakuletea nyingine nzuri. Majuma mawili tu."

Mkono wake ukapapasa kiredio, ukapata tundu tupu la kadi, ukabaki hapo.

"Majuma mawili," akasema.

"Tu."

"Haya."

Lile haya lake lilikuwa dogo sana. Nilitaka kwenda zangu, lakini hakuwa amemaliza.

"Siku ile mimi nilikuwa kliniki ya macho," akasema. "Asubuhi nilimwacha amekaa pale anakunywa uji. Nikarudi jioni nikakuta mlango wazi na kitanda kitupu, nikawakuta hospitali nyote wawili. Hakurudi tena humu. Wiki tatu hospitali, akaniacha. Nikimuuliza dada yako mzee alitokaje humu ndani, aliteremshwaje, alisema nini, ananijibu muulize mwanao, ameandika. Na wewe nikikuuliza unaniambia iko kitabuni, Mama. Na mimi kitabu nakishika tu. Unene wake naujua. Nilisema leo nitajua."

Katika uongo wangu wote wa njiani, hakuna hata mmoja uliofaa hapo.

Kisha uso wa Mama ukabadilika, ukawa na mwanga wa mtu aliyepata wazo, na mimi wazo la mama yangu nalijua likija.

"Lakini kitabu si kipo?" akasema. "Na mwandishi si yupo? Nisomee wewe!"

"Mama, mimi kazini..."

"Kazi utaikuta. Kichukue, kiko chumba cha kushonea. Mwite na dada yako."

Dada alikuwa ameshaingia kwa mlango wa nyuma. Nilimkuta kwenye cherehani yake, amesimama dirishani, anatunga uzi kwenye sindano. Sindano ndogo, ile ya kushonea vifungo. Akautunga mara moja, bila miwani, bila kufumba jicho.

Nikasimama nikimwangalia.

"Dada. Macho yako si..."

"Macho yangu hayana neno," akasema kwa sauti ya chini.

Akavuta droo ya cherehani, akatoa kitabu changu. Kati ya kurasa alikuwa ameacha kipande cha uzi mweusi. Akakifungua hapo hapo, hakutafuta, akanipa. Ilikuwa sura ya nne.

"Umekisoma," nikasema.

"Mara mbili."

"Mwaka mzima unamwambia Mama huoni."

"Ulitaka nimwambie nini?" Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha. "Nisome kwa mdomo wangu mwenyewe kwamba ni wewe uliyembeba? Au nimwambie mama yako kwamba mwanawe ameandika kitu ambacho hakipo? Nikaona bora niwe kipofu na mimi."

Nilimwita mvivu. Mwaka mzima nilimwita mvivu moyoni, na mara mbili kwa mdomo, kwa watu. Kumbe alikuwa akinisitiri. Niliona aibu ambayo haina mzaha ndani yake, na nimeutafuta mzaha huo tangu siku ile ili niwape, sijaupata.

"Mnanong'ona nini huko?" Mama akauliza kutoka sebuleni.

"Tunatafuta ukurasa, Mama!" nikaitikia.

Dada akachukua beseni la nguo zilizokwisha kukauka.

"Nenda kasome ulivyoandika," akaniambia. "Mimi nimeshazoea. Ila ukifika pale, usinitazame."

Nikarudi sebuleni. Nikavuta kigoda nikakaa karibu na magoti ya Mama. Yeye akajiweka sawa, akakunja mikono, akageuza sikio lake zuri kwangu. Dada akasimama mlangoni na beseni kiunoni.

Nikaangalia ukurasa. Herufi zilikuwa nadhifu, mistari imenyooka, na hapakuwa na bano hata moja. Ile nakala safi niliyoihangaikia tangu saa saba ilikuwa mikononi mwangu.

"Sura ya nne," nikasoma. "Siku Aliyoanguka."

Nikapita haraka kwenye busara za Mkuu. Mama akaguna kidogo, akasema huyo bosi wenu mtu mwema. Nikaendelea.

"Niliteremka ngazi za ghorofa tatu nimembeba baba mgongoni..."

Sauti ikakwama. Nikakohoa, nikarudi mwanzo wa mstari.

"Niliteremka ngazi za ghorofa tatu nimembeba baba..."

Ikakwama tena. Msomaji alirudia mara kumi na moja ndani ya kabati, na yeye ni bingwa.

"Una mafua?" Mama akauliza.

"Hapana, Mama."

"Basi pole pole, sina haraka." Akanyoosha mkono, akanipapasa bega, kisha shingo, kisha mgongo, akishuka kwa kiganja kizima. "Kumbe mgongo ndio huu. Mzee yule alivyokuwa mzito! Na mimi nimekaa mwaka mzima sijakuambia asante. Ulimbeba peke yako, mwanangu?"

Nilikuwa nimekatazwa kumtazama dada. Nikamtazama. Alikuwa ameinamia beseni, anakunja shati ambalo lilikuwa limeshakunjwa.

Nikafunga kitabu, kidole kikiwa bado ndani, kwenye ule uzi mweusi.

"Fungua mabano," nikasema, na nyuma yangu nikasikia beseni likiwekwa chini.